Wasiniwekee Chakula

Kazini kwangu Al Khuwair, Maskati, mimi ndiye ninayeandika mihtasari ya vikao. Nakaa mwisho wa meza, nasikiliza, naandika nani kasema nini na kikao kimefungwa saa ngapi. Ninachokidhani hakiandikwi. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, na tabia yake imenifuata hadi nje ya ofisi. Nikipanda gari la mtu naangalia saa. Nikiingia nyumba ya watu nahesabu viatu mlangoni.

Nilipotimiza miaka thelathini na minane niliomba likizo ndefu na kwenda Ziwa Tanganyika peke yangu, na begi la mgongoni, kwa treni na malori. Kwetu hiyo si safari inayoeleweka. Sisi tukienda Afrika tunakwenda Unguja, tunakaa kwa jamaa, tunakula mpaka tunachoka, tunarudi Maskati na visheti na karafuu. Nyuma ya Unguja kuna bara, na bara hakuendwi kutembea. Watu wote wa nyumbani niliwaambia nakwenda Unguja. Bibi yangu peke yake nilimwambia kweli.

"Nna miaka thamanini na sita," alisema, "sijapata kumsikia mtu kaenda bara kutazama maji. Watu walikwenda kutafuta."

Hata hivyo hakunikataza. Alinipa dua na akanipa nasaha moja, ile ile aliyotulea nayo nyumbani Bawshar: salamu ni amana. Mtu akikutuma salamu nawe ukasema sawa, umeshazibeba, na usipozifikisha umekula cha mtu. Nilipokuwa mdogo baba yangu aligeuza gari njiani, saa saba mchana, joto la mwezi wa sita, sote tumo ndani tunalia njaa, kwa sababu alikumbuka kwamba mzee mmoja alimtuma salamu kwa jirani na yeye kazisahau. Hakuna aliyemcheka.

Mafunzo ya begi niliyapata kwa Mkenya mmoja, mwanamke anayekaa mapokezi ofisini kwetu, ambaye kabla ya kuja Omani alizunguka sana kwao. Aliniambia nijaze begi, nijaribu kulirusha juu ya kabati. "Ukishindwa kulirusha, punguza," alisema. "Huko hakuna mtu wa kukubebea, madam." Nilipunguza mara tatu.

Kutoka Dar es Salaam nilikwenda kwa treni, daraja la tatu, hadi Mpanda. Ilikuwa mwezi wa nane, wakati wa kuchoma misitu, na kadiri tulivyokwenda magharibi ndivyo anga lilivyogeuka rangi ya maji ya mchele. Jua ulikuwa unaweza kulitazama kwa macho matupu. Nililala gesti za bei ya chini kabisa zenye kufuli, nikala mihogo ya kuchemsha na chai, na kila jioni, kabla giza halijaingia, niliandika kwenye daftari: nilipotoka, nilipofika, niliowaona.

Mpanda nilipanda Fuso lililokuwa limebeba chumvi na magunia matupu ya dagaa. Abiria tulikaa juu ya mzigo. Mama mmoja mwenye kuku alinitazama usoni, akatazama begi, akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote kama mafuta yamekwisha Uarabuni hata wanapanda Fuso. Nikamjibu yamebaki ya kupikia tu. Walicheka, na baada ya hapo nikawa mwenzao. Nilituhesabu wakati lori linaondoka. Tulikuwa kumi na watano pamoja nami, na niliandika hivyo.

Mmoja hakucheka. Alikuwa ameegemea kichwa cha lori, amejifunga kitambaa puani kama wengi wetu, kwa ajili ya vumbi. Lakini alikuwa amevaa koti la mvua, koti refu la plastiki, la njano, la watu wa boti. Mvua ya mwisho kule ilikuwa imenyesha miezi mitatu nyuma. Vumbi la njia ile ni jekundu na jepesi kama unga, lilikuwa limetupaka sote, ukipiga nguo linaruka. Kwenye koti lake halikuruka. Lilikuwa limeganda, tope limefanya michirizi kuanzia mabegani kwenda chini. Niliangalia kama kuna chombo cha maji kilichomwagika karibu yake. Sikukiona.

Kiasi cha saa sita gurudumu lilipasuka, tukateremka kwenye mgahawa wa makuti kando ya njia, nyumba moja tu na msitu pande zote. Yule mtu alikuja kukaa benchi moja nami. Tuliletewa ugali wa muhogo na samaki mkavu, kila mtu sahani yake. Aliniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia: nafika ziwani, kisha nashuka kusini kwa boti, kijiji hadi kijiji. Akakitaja kijiji kimoja. Nikasema naam, nitapita hapo.

"Nisalimie nyumba ya mwisho upande wa maji," alisema. "Ina dirisha limezibwa kwa bati la debe. Waambie wasiniwekee chakula."

Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nilimuuliza niseme salamu za nani. Akasema watajua. Nikasema sawa.

Nilikwenda kunawa mikono nyuma ya nyumba, kwenye pipa. Sikukawia, labda dakika tatu. Niliporudi benchi lilikuwa tupu na sahani yake ilikuwa tupu, safi, na miba ya samaki imepangwa ukingoni mstari mmoja. Nikafikiri kaenda porini kujisaidia. Gurudumu likafungwa, tukapanda, na lori likaanza kuondoka bila yeye. Nikagonga kichwa cha lori, nikamwambia dereva tunamwacha mtu.

Dereva akateremka, akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja. "Nilipakia kumi na wanne," alisema, "na kumi na wanne hawa hapa." Nikamuuliza mama wa kuku kuhusu mtu wa koti la njano. Akasema yeye alikuwa amelala. Alikuwa hakulala, kwa sababu tulikuwa tumezungumza njia nzima, lakini aligeuza uso na hakusema nami tena mpaka ziwani.

Ziwa nililisikia kabla sijaliona. Moshi ule ulikuwa umekaa juu ya maji, na maji na anga vilikuwa kitu kimoja kisicho na mshono. Milima ya Kongo haikuonekana hata kidogo. Mitumbwi iliyokuwa mbali na ufukwe ilionekana imetundikwa hewani. Nilikaa siku mbili kwenye bandari ndogo nikisubiri boti, na siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikateremka kwenye kijiji nilichotumwa.

Nyumba haikunipa tabu. Ilikuwa ya mwisho, na bati la debe dirishani. Viatu mlangoni jozi sita, vyote vya kike, na kimoja cha mtoto. Kando ya mlango palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nilipiga hodi mara tatu, nikakaribishwa, nikaingia na begi langu. Wanawake walikuwa mkekani wanachambua dagaa. Nilimwamkia aliyeonekana mkubwa wao, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, na nikafikisha amana yangu kwa utaratibu, nimesimama, kama nilivyofundishwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu mwenye akili angeketi kwanza, angekunywa maji, angeuliza khabari za nyumba. Mimi niliona salamu ni mzigo, nikautua mlangoni. Nilisema nimekutana na mtu kwenye lori la Mpanda, amevaa koti la mvua la njano, hakunipa jina, amesema nisalimie nyumba hii na wasimwekee chakula.

Mikono yote ilisimama juu ya dagaa. Mmoja wao aliinuka, akafunga mlango, ingawa ilikuwa mchana na chumba kilikuwa na giza tayari kwa ajili ya lile bati. Yule mama mkubwa hakulia. Aliniuliza siku gani. Nikafungua daftari nikamsomea: siku, saa, mahali. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nisome tena.

Habari yenyewe nilipewa na wale wengine, kwa sauti ya chini. Mtoto wa mama yule alikwenda kuvua miezi minne na siku chache nyuma, siku ya mvua, amevaa koti lake la njano. Mtumbwi wake ulikutwa umepinduka. Yeye hakupatikana. Wazee wa msikiti walikaa, wakahukumu amekufa, akasaliwa pasipo mwili, na mkewe akaingia eda. Mama mtu peke yake hakukubali. Tangu siku ile, kila magharibi, alimwekea mwanawe chakula mlangoni, na kila asubuhi alikimwaga ziwani. Jambo hilo, walisema, hakuna mgeni angelijua.

Nilipewa sehemu ya kulala humo humo, chumba cha ndani, alikokaa mjane. Wao waliona ndiyo heshima, mwanamke mgeni akae na mwanamke. Alikuwa kijana, labda miaka ishirini na mitano, amejifunika shuka jeupe, na binti yake wa miaka minne amelala mapajani pake. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta. Alinikaribisha vizuri, akanisogezea mto. Kisha akaniambia kwa utulivu jinsi mambo yalivyo, kama mtu anayemsomea mwenziwe masharti ya karatasi.

Eda yake ilikuwa inakwisha Ijumaa, siku mbili mbele. Jumamosi boti ilikuwa inapita kwenda kusini, na yeye na binti yake walikuwa na nafasi ndani yake. Mama mkwe alikuwa ameridhia, kwa shingo upande. Lakini kama mumewe yu hai, basi hakuna eda, hakuna Ijumaa, hakuna boti. Yeye ni mke wa mtu, na mtoto ni wa nyumba ile, na watasubiri.

Nikamuuliza, kwa upole nilioweza, kama asingefurahi mumewe kurudi.

Alimfunika mtoto masikio kwa viganja viwili kabla ya kunijibu, ingawa mtoto alikuwa usingizini. "Miaka sita nimekaa hapa nasikiliza mlango," alisema. "Nilikuwa najua kwa namna anavyousukuma kama leo nitalala au sitalala. Dada, tangu aende, hata mtoto ameanza kucheka usingizini."

Niliangalia mlango wa chumba kile. Kwa ndani ulikuwa na komeo tatu, na zote tatu zilikuwa zimeng'olewa, zimebaki matundu ya misumari.

Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri alikuja mwalimu wa msikiti, mtu mpole wa makamo, na karatasi yake. Tulikaa uani chini ya kivuli cha paa: yeye, mama mtu, na mimi. Mjane alikuwa ndani nyuma ya pazia, na pazia halikutikisika. Mwalimu aliniomba nitawadhe, nikatawadha. Alisema hataki kunitia hofu, lakini neno langu lina uzito, kwa kuwa mimi si wa hapa, sina ndugu hapa, sina la kupata wala la kukosa.

"Usiseme unachodhani," aliniambia. "Sema ulichokiona."

Ningeweza kucheka. Ndiyo kazi yangu. Nilisema niliyoyaona, kwa mpangilio, naye akaandika. Koti. Tope lililoganda wakati njia nzima ni vumbi. Kitambaa usoni, kwa hiyo uso sikuuona, nimeona macho tu. Alinionyesha picha kwenye simu ya mtu, kijana mwenye ndevu anacheka, na nikasema kweli, kwamba siwezi kuapa ni yeye wala si yeye. Nilieleza hesabu ya abiria, yangu na ya dereva. Hapo aliinua kalamu, akanitazama, akaomba nirudie. Nikarudia. Akaandika na hizo.

Mama mtu alikuwa amekaa muda wote ule na mikono juu ya magoti. Kisha akasema ana swali moja tu, na kama mwalimu ataruhusu.

"Ulimwona akila?"

Nilielewa mara moja kwa nini anauliza. Nadhani kila mtu pale alielewa, na nyuma ya pazia pia. Aliyekufa hali chakula. Yule mama alikuwa ameweka sahani mlangoni siku mia na thelathini akisubiri kujua jambo hilo hilo. Kama mwanawe alikula ugali wa muhogo njia ya Mpanda, basi anapumua, na mke wake atakaa ndani ya chumba kile chenye matundu ya misumari mpaka atakaporudi kusukuma mlango.

Nililifikiria benchi. Nilifikiria pipa la maji nyuma ya nyumba, zile dakika tatu. Sahani yake ilipowekwa mbele yake hakuigusa nilipokuwepo, hilo ni kweli. Alikuwa bado na kitambaa puani. Niliporudi ilikuwa tupu. Mgahawani palikuwa na mbwa wawili, na kuku wa yule mama. Lakini mbwa hawapangi miba ukingoni mwa sahani.

"Sikumwona akila," nilisema.

Mwalimu alisubiri kidogo, kalamu juu ya karatasi, kuona kama nina la kuongeza. Sikuongeza. Akaandika maneno mawili yale kama nilivyoyasema.

Mama mtu alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. Alisema mtu aliye hai hawezi kumtumia mama yake ujumbe kwamba asimwekee chakula. Hata akiwa mbali, hata akiwa amekasirika, atasema niwekeeni, nitarudi. Anayesema wasiniwekee ni yule aliyechoka kuona mama yake anasumbuka. Alinishukuru. Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa baridi na umejaa magamba ya dagaa, akaniambia nimefanya safari ndefu kumletea mwanawe. Mwalimu akaniomba namba yangu ya simu aiandike chini ya ushahidi, nikampa ile ya Omani.

Magharibi ile mlangoni hapakuwekwa sahani. Kigoda kiliingizwa ndani. Ndani wanawake walipishana bila kugusana, kama kwamba pamepungua nafasi badala ya kuongezeka. Mara mbili nilisikia kitu kikikwaruza bati la dirisha. Wote tulisikia, kwa kuwa wote tuliacha kutafuna. Mmoja alisema ni upepo. Ziwa siku ile lilikuwa limelala kama sakafu.

Jumamosi boti ilikuja saa tatu asubuhi. Mjane alikuwa ameoga, amevaa gauni la maua, na bila lile shuka jeupe alionekana mdogo zaidi. Mama mkwe wake alimbeba mtoto mwenyewe hadi majini, akamkabidhi, akarudi nyumbani bila kugeuka. Tulikaa pamoja, yeye na mimi na mtoto kati yetu, juu ya magunia. Kijiji kilimezwa na moshi kabla hatujafika mbali. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu cha kutazama, weupe mbele, weupe nyuma, na injini.

Alikuwa akitafuna karanga. Alinipa kiganja kimoja. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama ile sahani ilibaki na kitu.

Nilizihesabu karanga kiganjani mwangu.

"Anakula upesi sana," alisema. "Ukigeuka tu amemaliza. Miba anaipanga." Akachambua karanga nyingine, akampa mtoto. "Nilikuwa nikikusikiliza nyuma ya pazia. Nilidhani utasema."

Nikamwambia sikuulizwa kuhusu sahani.

"Ndiyo," alisema. "Hukuulizwa."

Alikuwa amewaambia wakwe zake anakwenda kwa mama yake mzazi, kijiji ambacho boti ingekifika jioni. Saa nane mchana tulisimama mahali ambapo si kijiji hasa, vibanda vichache na njia inayopanda mlimani, tukashusha mifuko ya saruji. Yeye akasimama, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kifurushi chake na akateremka ndani ya maji hadi magotini. Hakuniaga kwa maneno. Alinitazama mara moja, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa vizuri. Nilimwona akipanda njia ile hadi moshi ulipomchukua. Hakupunguza mwendo.

Nilirudi Maskati wiki mbili baadaye. Nyumbani niliulizwa habari za Unguja na nikazitunga. Bibi alitaka kujua habari za maji niliyokwenda kuyatazama, na nilimweleza jinsi mitumbwi ilivyotundikwa hewani. Mengine sikumwambia. Nilirudi kwenye vikao, kwenye meza ndefu na chupa za maji, na wenzangu waliniambia nimekonda.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumatatu, nilikuwa nimetoka ofisini kwa mapumziko ya mchana. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho, kiyoyozi kimewashwa, naangalia magari yanavyopita barabara kuu, simu ikalia. Namba ya Tanzania. Alikuwa mwalimu wa msikiti. Tuliamkiana, akaniuliza afya yangu, afya ya wazazi, joto la kwetu. Alikuwa na adabu ile ile. Nyuma yake nilisikia maji na watoto.

Kisha akasema ana swali, na nisilichukue vibaya. Walikuwa wametuma mtu kwa wazazi wa mjane, na mjane hajafika huko, hajafika kabisa. Wenye boti wanasema hawakumbuki. Na mimi nilikaa naye. Walishukia wapi, yeye na mtoto?

Nilimuuliza nani anamtafuta.

Alisema wiki iliyopita mvua zilianza. Siku ya pili ya mvua mama mtu alitoka asubuhi na kusema mwanawe amekuja, amesimama dirishani, anauliza mke wake yuko wapi. Tangu siku hiyo anakuja kila mvua ikinyesha, na ni hilo moja tu analouliza. "Sisi hatujamwona," alisema mwalimu. "Tumemwangalia, hatujamwona. Lakini mama wa watu hapati usingizi, na nimeona bora nikuulize wewe, kwa kuwa wewe huandika."

Daftari lilikuwa kwenye begi langu la kazini, kiti cha pembeni. Ukurasa wenyewe naujua: Jumamosi, saa nane na dakika kumi, jina la mahali, njia ya mlimani, mifuko ya saruji. Ni ukurasa nilioandika vizuri kuliko yote.

"Nilisinzia, mwalimu," nilisema. "Nilipoamka walikuwa wameshateremka. Sikuona ni wapi."

Miaka kumi na moja nilikuwa sijasema jambo nililoliona kuwa sikuliona. Lilitoka kwa urahisi, na sauti yangu haikubadilika.

Nilisikia kwake mvua ikianza, matone makubwa machache juu ya bati, kisha mengi, na watoto wakikimbia. Alipandisha sauti ili nimsikie.

"Haya," alisema. "Nitamwambia."

Sikumuuliza atamwambia nani.